Hadubini Namba Nne

Chiriku alirudi kutoka shuleni akiwa kimya, na hapo ndipo mama yake alipojua kuna jambo. Msichana huyo hakupewa jina la utani bure. Tangu anajifunza kutembea alikuwa akiongea kuanzia mlangoni hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi kitandani, na baba yake alizoea kusema kwamba siku akinyamaza atamwita daktari. Siku hiyo alivua viatu, akavipanga ukutani, akaenda kukaa bila hata kuuliza kuna nini cha kula.

Mama alikuwa ametangulia kufika kwa dakika chache tu, maana wote wawili walitoka mahali pamoja. Alikuwa mtunza maabara katika shule hiyo hiyo ya wasichana, mwaka wa kumi na nne sasa, na kuanzia mkuu hadi mlinzi wa getini wote walimwita Mama Maabara. Aliosha vioo, akapanga chupa, akafuta lenzi, na siku za mtihani wa vitendo aliandaa vitu ambavyo wanafunzi wangevitazama. Cheti hakuwa nacho. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na miaka yote hiyo alikaa kazini kama mtu aliyeazima kiti.

"Vipi mtihani?" aliuliza.

"Kawaida."

"Kawaida ndiyo nini?"

Chiriku alifikiri kidogo. "Mama, kwenye hadubini namba nne mliweka nini?"

"Utando wa kitunguu. Zote nne ni kitunguu."

Msichana akachukua daftari, akachora. Alichora pete nene nyeusi, ndani yake peupe kabisa, na pembeni pete nyingine mbili ndogo. Alikuwa na mkono mzuri wa kuchora, tena hakuwa na haraka. "Mimi niliona hiki," alisema.

Penseli ilikuwa bado haijainuka karatasini, na Mama Maabara alishajua. Kiputo cha hewa. Alikuwa ameviona vingi mno katika miaka yake kumi na minne hata asihitaji kuambiwa. Tena alijua kimeingiaje.

Asubuhi ile aliandaa vioo vinne kabla jua halijapanda, akavitazama kimoja kimoja, vyote vikiwa safi. Kisha karani akaja: mkuu ana wageni, mpishi hajafika, tafadhali Mama Maabara apeleke chai. Hakuna aliyemuuliza kama mtunza maabara ni mpishi. Alipeleka chai, na mgeni mmoja akanusa kikombe, akasema kina harufu ya dawa, basi akarudishwa kuviosha vyote upya mbele ya watu. Aliporudi maabara zilibaki dakika tatu, na kioo cha namba nne, kilichokuwa karibu na dirisha, kilikuwa kimekauka. Akabandua utando mwingine, akadondosha tone la maji na tone la iodini, akakiangusha kile kioo chembamba cha kufunikia juu yake. Kengele ikalia. Hakutazama.

Na kioo cha kufunikia hakiangushwi. Unakisimamisha upande mmoja kwenye maji, unakishikilia kwa ncha ya sindano, kisha unakilaza polepole, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia begani. Ukifanya pupa, hewa inabaki chini, na hewa ikibaki chini huoni kitunguu wala ndugu yake. Hayo alikuwa amewafundisha wanafunzi wengi kuliko walimu wenyewe.

"Sasa ukachora hicho?" aliuliza.

"Swali limesema, chora unachokiona. Nikakichora. Pa kuandika majina ya sehemu nikaandika, jina lake silijui."

"Na wenzako?"

"Tulipita tisa pale namba nne, mmoja mmoja. Nje nimewasikia wanane wanasema wamechora seli. Zimepangana, kila moja na ukuta wake na kiini chake. Kama kitabuni."

"Si ungeisogeza slaidi kidogo?"

"Paliandikwa msiguse."

Aliyeandika msiguse ni yeye mwenyewe, kwa kalamu nyekundu. Kabla Mama Maabara hajajizuia, ulimi ukamponyoka. "Basi na wewe si ungechora za kitabuni tu, mwanangu?"

Chiriku alimtazama. Hakukasirika, alishangaa tu. "Sikuziona, mama," alisema.

*

Baba yake alikuwa fundi saa. Kazi yake aliifanya kwenye meza ndogo ya kioo barazani pa duka la daftari, na jioni alirudi na ile ngumu katika kijisanduku, akaketi nayo karibu na dirisha kabla mwanga haujaisha. Alipokuta nyumba imetulia aliuliza nani amefariki. Akaelezwa.

"Labda macho yangu mabovu," Chiriku alisema. "Watu wanane hawawezi kukosea wote."

"Njoo hapa." Fundi Saa akamwekea kiganjani gurudumu la saa lililolingana na punje ya mtama. "Bila lenzi. Niambie unaona nini."

Chiriku aliligeuza kwenye mwanga. "Lina meno. Halafu jino moja limekatika. Hapa."

Baba yake akapachika lenzi jichoni, akainama. Alikaa hivyo muda. "Tangu juzi nimeifungua saa hii mara tano," alisema hatimaye, "na mwenye saa ameshaanza kunitazama kama mwizi. Jino limekatika kweli. Nenda kale, macho yako mazima."

Msichana alicheka kidogo, akaenda. Mama Maabara aliyasikia yote akiwa jikoni, na badala ya kufurahi alijisikia vibaya zaidi. Ingekuwa nafuu macho yangekuwa mabovu. Mumewe alipoingia kunawa mikono, alimweleza kwa sauti ya chini, bila kupamba.

Maji yalimdondoka Fundi Saa vidoleni. "Utamwambia lini?"

"Ngoja matokeo yatoke. Huenda mwalimu akamwonea huruma."

"Na asipomwonea?"

"Baba Chiriku, mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Niende mwenyewe nikaseme nimeharibu mtihani? Si nitakuwa nimejitia kitanzi?"

"Mficha uchi hazai," alisema Fundi Saa.

"Mimi nimeshazaa. Ndiyo shida yenyewe."

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi kisichowasaidia kitu. Hakumshinikiza tena. Walijua wote kinachopimwa: mwanafunzi aliyepata chini ya nusu katika vitendo hakuruhusiwa kuchukua masomo ya sayansi mwaka uliofuata, hata awe wa kwanza katika mengine yote. Na Chiriku, tangu utoto, hakuwahi kutaka kitu kingine. Alikuwa mtoto wa kupasua maharage kutafuta mche uko wapi.

*

Matokeo yalibandikwa siku ya tatu. Mama Maabara aliyaona kabla ya wanafunzi, kwa kuwa ndiye aliyetumwa gundi. Chiriku: nne juu ya kumi.

Darasani mambo yalikuwa mabaya zaidi, ingawa hayo aliyasikia baadaye. Mwalimu wa baiolojia, ambaye wasichana walimwita Kiini kwa sababu hakumaliza dakika bila kusema "kiini cha jambo hili," hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na madarasa manne na karatasi mlima mzima, na siku hiyo alitaka kuwachangamsha. Alisema mmoja wao ametazama kitunguu akaona sahani. Darasa likaangua kicheko. Hakutaja jina, lakini hadi mapumziko Chiriku alikuwa ameshaitwa Bi Sahani.

Alirudi nyumbani akiongea. Hapo ndipo mama yake aliposhikwa na hofu ya kweli. Aliongea tangu mlangoni, kwa furaha iliyopita kiasi, akichambua mchele.

"Nimeshajua kosa langu, mama. Nilidhani wanataka nitazame. Kumbe wanataka ujue jibu, ile hadubini wameiweka pale kama pambo tu. Kuanzia sasa mimi nachora cha kitabuni. Hata nikiona tembo chini ya lenzi, nachora kitunguu. Na mwakani nitaenda huko kwingine, kwani kuna ubaya gani? Huko hakuna kutazama kitu, ni kusoma na kukariri. Na macho yangu nayo, nani anajua..."

"Chiriku."

"Hata baba alinibahatishia tu na lile gurudumu."

"Chiriku, nyamaza kidogo." Mama Maabara aliketi kwenye kigoda mbele yake. Aliutazama ungo kwa sababu hakuweza kumtazama mwanawe. "Macho yako hayana kitu. Ulichokiona kilikuwepo. Ni kiputo cha hewa. Nilikifunika kile kioo kwa haraka, sikukilaza inavyotakiwa, wala sikutazama. Kosa ni la mkono wangu."

Mikono ya Chiriku ilisimama juu ya mchele. "Ulijua lini?"

Angeweza kusema leo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, na lisingegunduliwa na mtu. "Siku ile ile," alisema. "Uliponichorea."

Chiriku alihesabu bila kutaka. "Siku tatu," alisema. "Siku tatu najiuliza kama mimi ni mjinga, na wewe uko hapa hapa unanipakulia chakula."

 Mama Maabara aliona haya, ile haya inayomfanya mtu mzima atamani kuwa mahali pengine popote. Msichana akauweka ungo chini taratibu, asimwage hata punje moja, akatoka nje.

*

Asubuhi iliyofuata Mama Maabara alimkuta mwalimu maabara, akisahihisha, kikombe cha chai kimepoa kando yake.

"Mwalimu, samahani. Namba nne, siku ya mtihani, ilikuwa na kiputo. Nilikiweka mimi kwa haraka zangu."

Mwalimu alivua miwani. "Mama Maabara, kiini cha jambo hili ni kwamba yule ni binti yako."

"Ni binti yangu. Na kiputo nacho ni changu."

"Slaidi iko wapi?"

"Niliiosha siku ile ile. Vioo vya kufunikia vimebaki vitano tu, haviwezi kulala vichafu."

"Basi ushahidi ni neno lako na la mwanao. Upande wa pili wako wasichana wanane waliochora seli, tena vizuri."

"Waliziona wapi, mwalimu?"

Alilisema kwa upole, bila ubishi.  Mama Maabara alikuwa ameamkia kazini mapema. Akaivuta hadubini namba nne, akageuza kioo chake cha chini kielekee dirishani. "Nimekiangusha kioo leo kama nilivyokiangusha siku ile. Tazama."

Mwalimu aliinama. Alitazama kwa jicho la kulia, akabadili la kushoto. Kisha akapekua karatasi zake, akaitoa ya Chiriku, akailaza kando ya hadubini, akainama tena. Pete nene nyeusi, ndani peupe kabisa. 

"Na mimi nikaita sahani," alisema mwishowe.

"Hukujua."

"Sikutazama. Asubuhi ile sikuitazama hata moja kati ya zile nne. Nilikuamini wewe."

Angemfokea, ingemuuma kidogo kuliko hivyo.

Walikwenda pamoja kwa mkuu. Mkuu alisikiliza akiwa na kalamu mkononi, akaamua haraka, kama mtu anayetaka jambo litoke mezani pake. Matokeo ya wasichana wote tisa yafutwe. Warudie mtihani siku ya nne kuanzia hapo, na mwalimu aandae slaidi mwenyewe. Mama Maabara akae mbali na maabara hadi suala la mkataba litakapoamuliwa, na kwa sasa asaidie jikoni. Tena aandike barua ya maelezo.

Aliiandika pale pale, karani akimtajia maneno. Walipofika penye sababu, alisimamisha kalamu. "Niandike kwamba niliitwa kupeleka chai?"

"Hilo halihusiani," alisema mkuu. "Andika uzembe."

Aliandika uzembe. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyezoea kuandika vibandiko vya chupa, na lile neno likatokea wazi kabisa.

*

Kupeleka chai sasa kukawa kazi yake rasmi. Habari ilienea, na katika wale wanane alikuwemo binti wa jirani, mama msusi wa nywele wa nyumba ya tatu. Msusi huyo alikutana naye bombani, akachota maji yake, akasema na hewa: "Wengine tunalelewa watoto wetu na shule. Wengine shule ni yao." Mama Maabara akajitwika ndoo, akaondoka. Aliona kwamba kwa upande wake yule mama naye alikuwa na haki ya kuumia.

Lililomkaa rohoni ni Chiriku. Msichana alimsalimu, alimwitikia, aliosha vyombo alivyoambiwa. Zaidi ya hayo, hakumpa hata neno la ziada. Na baba mtu, aliyekuwa akilalamika miaka yote kwamba binti anamkatizia umakini wa kazi, sasa alikaa na saa zake akizungumza nazo mwenyewe.

"Atarudi," alimwambia mkewe.

"Na asiporudi?"

"Saa nikiifungua, siifungi siku hiyo hiyo. Vumilia."

Siku ya marudio, kutoka mlango wa jikoni, Mama Maabara aliwaona wasichana tisa wakipanga mstari nje ya maabara. Aliujua mwanga wa saa hiyo, ulivyoingia kwenye dirisha la kwanza ukaangukia meza ya namba nne. Alijua skrubu ya upande wa kulia imelegea na inahitaji kushikwa kwa vidole viwili. Hakuna aliyekuja kumuuliza. Akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikwisha kuwa safi.

Saa moja baadaye kivuli kikasimama mlangoni.

"Mama."

Aligeuka. Chiriku alikuwa ameishika penseli kwa mikono miwili.

"Leo nimeona seli. Si kama za kitabuni, lakini. Zimepinda pinda, nyingine kiini hakionekani, na mahali pamoja utando umejikunja. Nimechora na mkunjo."

"Umefanya vizuri."

"Halafu pembeni kulikuwa na kiputo."

Mama Maabara aliweka sufuria chini. "Kiputo tena?"

"Kidogo. Pete nyeusi, ndani peupe. Nimekichora. Safari hii jina lake nilikuwa nalijua, nimeliandika."

Alisema hivyo, akabaki pale pale mlangoni, asiingie wala asiondoke. Mama yake alitaka kusema neno la msamaha, na neno lenyewe likawa kubwa kuliko mlango. Akavuta kigoda cha pili kwa mguu. Chiriku akakitazama, kisha akaketi.

Hapo mwalimu akatokea. Alikuwa na karatasi moja mkononi, na mkono mwingine umeshika sindano ya maabara na kitambaa kilichokunjwa. Alipomkuta Chiriku alisita, akakohoa.

"Nimeshazipitia za leo," alisema. "Tisa walitazama. Wanane wamechora seli tu, na nadhani leo baadhi yao wameziona kweli." Akaiweka karatasi juu ya meza, kando ya vitunguu vya mpishi. Nane juu ya kumi. Pembeni, palipochorwa pete ndogo na kuandikwa kiputo cha hewa, palikuwa na alama ya vema ya wino mwekundu, ndefu kuliko nyingine zote. "Kile kiputo ni changu. Nimeandaa slaidi nane kupata moja, na bado kimeniponyoka. Samahani, binti. Na kwa lile la sahani, nitalisema darasani."

Chiriku aliangalia chini. "Asante, mwalimu."

Mwalimu akamgeukia Mama Maabara. Barua yake ya uzembe ilikuwa bado mezani kwa mkuu, na mwalimu hakuwa na uwezo wa kuiondoa. Wote watatu walilijua hilo. Akakikunjua kitambaa. Ndani yake mlikuwa na slaidi moja na kioo kimoja cha kufunikia.

"Kile kioo," alisema, "unakilaza vipi?"

Mama Maabara alifuta mikono kwenye kanga yake, akaifuta tena. Akamenya kitunguu kimoja, akabandua utando mwembamba, akautandaza kwenye slaidi chini ya tone la maji. Akakisimamisha kioo upande mmoja, akakishika kwa ncha ya sindano. Mwalimu akainama. Chiriku naye akainama, kichwa chake kikigusana na cha mama yake, na hakukiondoa.

"Usikiangushe," alisema Mama Maabara. "Kiache maji yenyewe yakipokee. Hivi."

"Na pumzi uizuie," alidakia Chiriku. "Mama huwa anazuia pumzi, mwalimu, hajui tu kama anazuia. Nimemwona tangu niko mdogo. Halafu mwanga usiwe nyuma yako, na ile skrubu ya namba nne imelegea, inatakiwa kushikwa kwa vidole viwili, maana juzi mimi nilipoishika kwa kimoja..."

Kioo kilikuwa kimeshalala, safi, bila hata pete moja chini yake, na msichana alikuwa bado anaongea. Aliongea mpaka mpishi akarudi, akaongea kuanzia jikoni mpaka getini, na njia nzima ya kurudi nyumbani mama yake hakupata nafasi ya kutia neno.